Kunakili Mafaili Ofisi Ikiwa Imefungwa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya upimaji pale Kibiti nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi, nikaonywa nisiguse kompyuta. Nilikuwa nimetoka kupiga taipu kwenye chama cha ushirika kilichofungwa. Ilikuwa miaka ya soko huria, mashirika yakipunguza watu na kampuni binafsi zikifungua ofisi kando ya barabara. Shule niliiacha kabla ya kumaliza darasa la saba, wazazi wetu walipofariki wakifuatana, nikabaki na wadogo zangu. Kwa hiyo kazi niliyopewa niliishika, hata ya vumbi.

Kampuni ilipima mashamba ya mpunga ya delta ili kila kaya ipate ramani ya eneo lake. Wapimaji walikwenda Mbuchi na Salale wakati mipaka inaonekana; mto ukishafurika, hakuna cha kupima. Waliporudi, vipimo viliingizwa kwenye kompyuta, kila shamba na faili lake. Mwingizaji alipohamia Dar es Salaam, kazi ile nikapewa mimi, maana vidole vilikuwa vimeshazoea taipu.

Siku moja alikuja Bi Mwanahawa wa Mbuchi, mjane aliyekuwa akivutana na shemeji yake juu ya mpaka. Alikuwa amesafiri kwa boti ili aulize jambo moja tu.

"Mwanangu, shamba langu limeingia humo?"

"Limeingia, bibi."

"Na halitoki?"

"Halitoki," nikamwambia.

Muda si mrefu ikaja amri kwamba ofisi inafungwa. Kompyuta kubwa ilikuwa ya kukodi na ilitakiwa irudishwe tupu. Mafaili yote yahamie kwenye kompyuta ndogo itakayobaki kwa watu wa ofisi ya ardhi. Meneja wetu, mtu wa Moshi, hakuwa na maneno mengi: "Kazi iishe. Jumatatu gari linakuja. Kompyuta inaondoka, iwe imemaliza au haijamaliza."

Kunakili kwa waya kutoka mashine moja hadi nyingine kulikuwa kwa polepole mno, tena jenereta iliwashwa mchana tu. Tukaletewa mtaalamu wa programu, kijana aitwaye Elibariki, atengeneze programu ya kunakili bila mtu kukaa mbele yake. Ijumaa adhuhuri tukaiwasha, tukafunga mlango. Wapimaji wakaenda msikitini, mimi nikaenda kupika, Meneja na Elibariki wakaenda hotelini kula.

Tuliporudi, skrini ilikuwa na swali. Faili moja limekataa kusomeka: nijaribu tena, niliruke, au niache? Programu ilikuwa imekwama karibu na mwanzo, na dizeli ikiungua bure.

"Imemuuliza nani?" Meneja akafoka. "Kiti?"

Elibariki akairekebisha. Jumamosi tukafanya vilevile, na safari hii tuliporudi skrini ilisema: Kazi imekamilika. Meneja akapiga makofi. "Dada Zuhura, futa ile kubwa."

"Bosi, ngoja. Jana kuna lililokataa. Leo limekubali vipi?"

"Mashine imesema imemaliza. Unabishana na mashine?"

"Sibishani nayo. Naomba initajie mafaili iliyoyaacha."

Elibariki akajikuna kichwa. "Haikuandika."

"Basi ni mwongo huyu."

"Si mwongo, dada, ni mtiifu. Nimemwambia aruke. Sikumwambia aseme."

Tukacheka, hata Meneja, lakini mkono wangu haukwenda kwenye kitufe cha kufuta. Nikamweleza Elibariki jinsi tunavyoshusha magunia ya mpunga kwenye mtumbwi kule Salale, maji yakipungua. Gunia likipasuka hatusimami kulishona, mtumbwi usije ukakaa kwenye tope. Tunaliweka pembeni, tunashusha mengine, kisha tunalirudia. Na mwenye gunia anaitwa kwa jina, aje alione mwenyewe.

"Na mtumbwi ukizama?" akauliza. "Mnaendelea kushusha?"

"Ukizama tunapiga kelele!"

"Basi hapo ndipo pa kusimama," akasema, akavuta kiti.

Kazi ya jioni ile ndiyo ninayotaka vijana mwijue. Faili moja likikataa, programu ijaribu tena mara chache, ikishindwa iliweke pembeni na kuendelea. Mwishoni iyarudie yaliyowekwa pembeni. Lakini waya ukichomoka au diski ya kupokelea ikijaa, isimame palepale, kwa sababu hapo kila kinachofuata kitashindwa. Kila nakala ilinganishwe na ya asili, na kisifutwe chochote kabla ya hapo. Na kama kuna lililobaki, isiseme imemaliza. Ilitaje.

Jumapili Meneja alipokuwa kanisani, programu ikafanya kazi peke yake. Tulipofungua mlango, yaliyokataa mara ya kwanza mengi yalikuwa yamesomeka. Lilibaki moja, na jina lake lilikuwa juu kabisa ya skrini: shamba la Bi Mwanahawa, Mbuchi.

Nami nilikuwa nimemwambia halitoki. Elibariki akajaribu kwa kila njia aliyoijua. Sehemu ile ya diski ilikuwa imekufa.

Meneja akalitazama jina lile. "Mto umeshapanda?"

"Bado, lakini hauko mbali."

"Kuna boti?"

"Boti nitaitafuta."

"Mpimaji aende kesho, na wewe uende naye. Hiyo kompyuta ndogo haikabidhiwi kwa mtu mpaka mrudi."

Tulipima upya. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya mkanda, shemeji mtu akisimama kando akilalamika na Bi Mwanahawa akimjibu, "Lalamika ukiwa umesimama kwako." Niliporudi niliingiza vipimo, nikavisoma tena kutoka kwenye diski, ndipo nikalala.

Baadaye nilifanya kazi ofisi nyingine, mashine zikabadilika, na sasa nimestaafu. Wadogo zangu niliwalea kwa mtindo uleule: mmoja alipofukuzwa shule sikuwasimamisha wengine, lakini sikusema hata siku moja kwamba nimemaliza malezi mpaka nilipomrudia naye akashika ufundi wake.

Mwaka ule tuliopima upya, mto ulifurika mapema. Ulipopungua, nilipita Mbuchi nikamkuta Bi Mwanahawa akipanda mpunga mpaka kwenye ukingo wa eneo lake. Hakuniuliza tena kuhusu mashine. Alinipa miche, nikainama nikapanda naye.