Bwawa Lililopigwa Saruji

Mama Perege alirudi kutoka hospitalini, alikokuwa akimuuguza mama yake, akakuta bwawa lake la samaki limegeuzwa beseni. Chini saruji, pembeni saruji, imesuguliwa ikang'aa. Ilikuwa kazi ya mdogo wake, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Kioo kwa kupenda kung'arisha. Alikuwa amezoa tope lote, akajaza maji ya bomba na kurudisha samaki kabla saruji haijaoshwa hata mara moja. Sasa perege walielea matumbo juu, na wachache waliosalia walihema kwenye uso wa maji.

Kioo mwenyewe alisimama ukingoni na mteja, bwana mmoja mwenye hoteli, aliyemleta kuona ufundi. Alikuwa akimweleza, bila kupepesa macho, kwamba samaki wa dada walikuwa wagonjwa siku nyingi.

Mama Perege akayasikia yote. Hao ndio waliomzalia vifaranga miaka yote. Wakiisha, hana mbegu. Akachovya mkono majini, kisha akamgeukia mteja.

"Bwana mkubwa, hebu tia mkono na wewe. Sugua vidole."

Yule bwana akasugua. Viliteleza kana kwamba ameshika sabuni.

"Hiyo ni chokaa ya saruji mbichi. Imewaunguza. Ugonjwa wao ni huyu hapa."

Kioo akacheka kidogo. "Dada naye! Nimekuondolea uchafu, unanivua nguo mbele za watu. Tope halili, halizai, lina kazi gani?"

"Wanaozaa wanakula kinachoota humo. Umewajengea kaburi la kifahari."

Kukosea ni kwa kila mtu. Lakini kuona kosa lako linaelea mbele ya macho yako, ukamsingizia aliyekufa, huo ni uovu, na undugu hauupunguzi.

Mteja akaaga haraka, Kioo akimfuata nyuma akijieleza. Mama Perege akawahamishia walio hai kwenye pipa la maji ya kisima, akafungulia bwawa likauke, akachukua sururu. Kioo aliporudi alimsihi abakize walau ukuta mmoja, watu watasemaje.

"Watasema ulijenga wewe. Shika sururu ile nyingine, au toka kwangu."

Kioo akatazama viatu vyake, akaondoka.

Mama Perege alivunja peke yake mpaka udongo mweusi ukaonekana. Kwenye pipa wengi walikuwa wameshakufa. Jike mmoja mkubwa bado alichezesha mapezi. Mama Perege akamtazama, akarudi kuchimba.