Mrina Asali Asiyeumwa na Nyuki

Kabula wa Isevya hajawahi kumsifu mtu, mumewe Ngollo ndiyo kabisa. Lakini asali aliiuza kwa jina lake. "Hii ya Ngollo, yule nyuki wanamheshimu," ndivyo alivyowaambia wateja miaka saba, na anajua ni uongo. Nyuki walimuuma kama wanavyomuuma yeyote. Ila mikono ilikufa ganzi, yote miwili. Kikombe kinamponyoka, miiba ya nyuki imejaa vidoleni, hasikii. Basi mzee akajifanya ana dawa ya nyuki. Mjinga na sifa zake.

Sasa miguu imevimba, akitembea hadi bombani anahema kama punda. Juzi kaanguka toka mtini, na bado anasema msimu wa kurina lazima apande. Kila daktari kasema presha, na kila kidonge cha presha kinamtia kizunguzungu zaidi. Kabula kachoka kubeba vipimo kwenye mfuko wa rambo.

Daktari Advera, kabinti tu, aliweka karatasi mbili pamoja mezani, ya ultrasaundi na ya umeme wa moyo. Wenzake wote walitazama moja moja.

"Baba, ultrasaundi inaonyesha kuta za moyo nene. Moyo ulionenepa kwa presha, mistari yake ya umeme huwa mirefu. Yako ni mifupi, ona."

"Mashine yenu mbovu," Ngollo akasema.

"Nimerudia mara mbili. Huo unene naogopa si nyama. Kuna protini mbaya inajipenyeza moyoni, moyo unakakamaa. Mara nyingi huwa imeanza na mikono. Mikono yako ikoje?"

"Mizima."

"Hata ganzi hakuna?"

"Mjukuu wangu, mimi nyuki wananijua! Uliza Tabora nzima. Kule Sikonge nina mizinga..."

Kabula alichomoa pini kwenye blauzi, akamchoma kidole cha kati. Ngollo akaendelea na mizinga yake. Damu ikadondokea karatasi, yeye bado yuko Sikonge.

"Mama!" Daktari aliruka.

"Si umeuliza mikono? Ndiyo hiyo. Miaka saba. Na mimi nimeuza asali kwa uongo huohuo, andika na hilo."

Ngollo akatazama kidole chake.

Daktari akaandika. Kile kidonge kinachomwangusha, basi. Kupanda miti, basi. Damu na mkojo vipimwe, kisha Dar, kwenye picha kubwa ya kuhakikisha kama hiyo protini imo kweli moyoni.

Njiani Ngollo alisema neno moja tu. "Umenivua nguo mbele ya mtoto."

"Utavaa zingine. Maiti ndiyo havai mwenyewe."

Asubuhi Najiat, mteja wa siku zote, alikuja na chupa yake. "Bibi, ni ya yule mzee asiyeumwa na nyuki?"

"Wanamuuma kama mbwa, hasikii tu. Unanunua asali au hadithi?"

Najiat akacheka, akanunua. Nyuma ya pazia Ngollo alisikia yote. Alikuwa anahangaika kufunga zipu ya begi la Dar kwa vidole visivyosikia, na Kabula alimwacha ahangaike kidogo kwanza, ndipo akaenda kumfungia.