Dawa ya Akili ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Segese, akili ilikuwa kitu cha kunywa. Bibi, mama yake baba, alikuwa na mzizi aliousaga na kuutia kwenye maziwa mgando, na watu walitoka mbali kuwachukulia watoto wao. Mimi mjukuu wake akili yangu haikutulia hata kidogo. Mwalimu akiuliza saba mara nane, mimi namtazama mjusi dirishani.

Mtihani wa darasa la nne ulikuwa unakaribia. Baba alishasema nikianguka, shule basi, nasubiri kuolewa. Mama akaenda kumpigia bibi magoti.

"Nitampa," bibi alisema. "Ila safari hii nataka nione mwenyewe."

Alitunywesha wawili, mimi na mdogo wangu Minza. Kila jioni ng'ombe walipokwisha kuingia zizini, alitugeuza tuwape mgongo, tuwataje kwa zamu yao ya kuingia, kila mmoja na rangi yake. Kila kosa lilikuwa fundo kwenye kamba ya mkosaji. Siku za mwanzo kamba yangu ilikuwa mafundo matupu, nikaichukia. Mwezi ulipokwisha nilimaliza zizi zima bila kosa, na mama akawa anacheka peke yake jikoni.

Ndipo bibi alipomwita, akamwekea kamba zetu mapajani.

"Mama Kabula, zinafanana, hazifanani?"

"Zinafanana, mayu," alijibu; mayu kwetu ni mama.

"Basi Minza sijampa mzizi hata siku moja. Nimemtilia nsansa."

Nsansa ni mgagani mkavu, mboga yetu ya kila siku, nayo ni chungu kama ule mzizi. Mama alilia.

"Sasa mwanangu atafaulu kwa kitu gani?"

"Kwa hao ng'ombe. Sasa anajua kutazama. Mzizi wangu haukufanya kitu."

Nilifaulu. Ukubwani, nikisomea uuguzi, nilifundishwa kwamba dawa hupimwa hivyohivyo: huyu mpe yenyewe, yule mpe inayofanana nayo. Nilijiinamia darasani, machozi yananitoka kwa kumwonea fahari mwanamke yule asiyejua kusoma.

Maana baada ya siku ile, waliokuja na kuku wa malipo kuomba dawa ya akili aliwarudisha na kuku wao, akawaambia wazi kuwa haifai. Wengine walimwita mchoyo mpaka anakufa. Mimi nimefanya mitihani mingi maishani, na mingi nimefaulu. Huo wa bibi sina hakika ningeuweza.