Oiva Kärnä Aenda Kuomba Msitu

Oiva Kärnä aliendesha lori la maziwa tangu ujana mpaka alipostaafu, na katika kijiji cha Suovaara hapakuwa na ua ambamo hakuwahi kugeuza gari. Alijua mbwa wa nani anauma na wa nani anajifanya tu. Ndiyo maana chama cha wawindaji kilimbebesha kazi ambayo wengine wote waliikwepa: kila mwaka, theluji ikianza kulainika, yeye ndiye wa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa kwa wenye ardhi. Alianza akiwa bado na lori, akastaafu lori, kazi ile hakustaafu.

Maana huku kila msitu una mwenyewe. Kuchuma matunda ya porini na uyoga, ingia tu, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukiingia na bunduki kumfuata hirvi, yule mnyama mrefu kuliko farasi mwenye pembe kama makoleo, na mwenye ardhi hajakuruhusu, wewe ni mwizi kama mwizi wa kuku. Na mwenye ardhi wa kijiji halipwi, anaombwa. Vuli ikifika anapelekewa nyama nyumbani, na uwindaji ukiisha anaalikwa kwenye karamu ya supu, anakaa meza ya mbele, anapakuliwa wa kwanza. Mtu asidhani hilo ni jambo dogo. Nimeona watu wakinuniana mpaka kaburini kwa sababu ya bakuli la supu.

Oiva aliiweza kazi hiyo kwa sababu hakuwa na papara. Aliingia, akavua kofia, akakaa, akanywa kahawa, akazungumza habari za barabara na habari za maumivu ya mgongo. Neno la msitu alilitoa mwishoni, mkono umeshashika kitasa cha mlango, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Na ule msitu, tuendelee kama zamani?"

"Endeleeni."

Wakapeana mikono, basi. Mwomba chumvi huombea chungu chake, lakini haingii nyumba ya watu akifunua vyungu.

Mwaka huu, hata hivyo, palikuwa na nyumba moja aliyokuwa akiikwepa. Eino Määttä alikuwa amefariki Agosti iliyopita, akamwacha mkewe Hilja peke yake kule juu ya kilima. Msitu wa nyumba ile umekaa katikati ya eneo la chama kama kiuno katikati ya mwili. Na vuli ile baada ya mazishi, wawindaji hawakukanyaga pale. Hakuna aliyesema tusiende. Hakuna aliyesema twende. Kila mmoja alifikiri kivyake: mama wa watu anaomboleza, tusimpigie kelele za bunduki. Kwa kuwa hawakuwinda kwake, nyama hawakumpelekea. Kwa kuwa nyama hawakumpelekea, waliona haya kumwita kwenye supu. Ndivyo watu wa huku walivyo. Wakitaka kukuheshimu, wanakuacha. Wakikuheshimu sana, unaweza kuanguka mlangoni mwako wasijue.

Halafu ikaja habari kwamba gari kubwa la mjini limeonekana kwenye ua wa Hilja. Mara ya kwanza watu walinyamaza. Lilipoonekana tena, Jarkko Kemppainen, mwenyekiti wa chama, mkulima kijana asiyejua kukaa kitako, alikuja mbio kwa Oiva.

"Mzee Oiva, umeshafika kwa Määttä?"

"Barabara yake ina barafu bado."

"Kwa Heikkinen si ulikwenda?"

"Ya Heikkinen imemwagwa mchanga."

Sirkka, mke wa Oiva, alicheka mpaka akaweka chini sindano zake za kufumia. "Jamani! Mtu ameteremsha lori zima la maziwa kwenye kilima kile, barafu juu, giza mbele, leo miguu yake miwili inaogopa kuteleza. Sema unamwogopa bibi."

"Simwogopi. Nitamwambia nini?"

"Mwambie pole. Hukumwambia."

"Mazishini nilikuwepo!"

"Ulikuwepo. Ulisimama nyuma ukala keki."

Jarkko hakucheka. "Mzee, wale wa mjini wanakodi misitu kwa ajili ya wageni wao, watu wanaotaka pembe za kutundika ukutani. Wakiupata ule, eneo letu limekatika vipande viwili, na hakuna kipande chenye ukubwa wa kutosha kupewa kibali cha hirvi. Maombi yanakwenda mwisho wa mwezi huu. Tukikosa, vuli tutakwenda kuwa wageni kwa jirani zetu, watu wa Lehtovaara."

Hapo ndipo Oiva alipochomwa. Watu wa Lehtovaara! Watu waliopaka choo chao rangi ya kijani wakakiita nyumba ya wawindaji! Baba yake Oiva alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Suovaara, walipokuwa na bunduki chache za kuazimana, na Oiva mwenyewe alisimama katika msitu huu kila vuli tangu aote ndevu. Leo akasimame nyuma ya mtu wa Lehtovaara, aambiwe wewe mzee kaa pale, usikohoe? Aliinuka akatafuta kofia yake.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Hilja uani anapasua kuni. Alikuwa ameshavuka themanini, mwembamba kama mpini wa shoka alilolishika. Alimwona Oiva anashuka garini, akaendelea kupasua.

"Habari za asubuhi, bi Hilja."

"Maziwa hakuna. Ng'ombe tuliuza."

"Sikuja kwa maziwa."

"Basi umepotea njia."

Oiva alisubiri. Hakuambiwa karibu, hakuambiwa ingia, wala kahawa haikutajwa. Huku mtu asipokutajia kahawa, hata mbwa wako anajua umefukuzwa. Basi kwa mara ya kwanza katika maisha yake Oiva alianza na lile neno la mwisho, amesimama kwenye theluji kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nimekuja kwa habari ya msitu."

"Kamwulize Eino. Si ndiye uliyemzoea? Yuko kule kanisani, karibu na ukuta wa mawe. Hana kazi siku hizi, atakusikiliza."

"Bi Hilja, vuli ile hatukutaka kukusumbua."

"Mkafaulu! Sijasumbuliwa tangu Agosti. Hata mtu wa posta anatupa gazeti bila kusimamisha gari. Walionisumbua ni wanaume wawili wa mjini, wamevaa suruali za mabaka kama gome la mti, na wao angalau walivua viatu mlangoni wakakaa."

Oiva alimsogelea hatua moja. "Umewapa?"

Hilja aligongelea shoka kwenye gogo likabaki limesimama. "Nifuate."

Walipita nyuma ya zizi tupu, wakaingia msituni. Jua la Aprili lilikuwa bado halijayeyusha ganda gumu la juu ya theluji, na Hilja alitembea juu yake bila kuacha hata alama. Oiva naye, hatua mbili salama, ya tatu anazama mpaka pajani.

"Sirkka anakulisha vizuri," alisema Hilja bila kugeuka.

"Ni viatu hivi."

"Viatu vimenenepa, ee?"

Akamngoja ajivute, wakaendelea, akazama tena. Walipofika kwenye mteremko upande wa pili, Oiva alikuwa ametota jasho na theluji, na maneno aliyoyapanga garini yamemtoka yote.

Mteremko ule ulikuwa wa misonobari michanga, inayomfikia mtu kifuani. Ilikuwa. Sasa karibu yote ilikuwa imekatwa vichwa. Mingine ilikuwa imevunjwa kiunoni, mingine imechunwa gome mpaka mti mweupe ukaonekana, na mavi ya hirvi yametapakaa kila mahali kama kikapu cha njugu kilichomwagika. Wanyama walikuwa wamehamia pale majira yote ya baridi. Kwa nini wasihame? Hakuna mbwa aliyebweka, hakuna bunduki iliyolia. Walikuta mahali pa amani penye chakula. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huo.

"Eino aliipanda hii akiwa tayari ana ugonjwa ule," Hilja alisema. "Anapanda mmoja, anakaa. Anapanda mmoja, anakaa. Nikamwambia acha, bwana, hutaiona ikikua. Akasema wewe utaiona. Haya, tazama ninachokiona."

Oiva alivua glavu akashika mche mmoja uliovunjika. Utomvu ulimnata vidoleni. Akavua na kofia.

"Pole, bi Hilja. Pole ya Eino, na pole ya hii. Tulidhani tunakuachia nafasi."

"Nafasi ninayo. Nyumba yangu ina nafasi ya kuchezea mpira."

Hakulia, wala sauti haikubadilika. Alifuta pua kwa mgongo wa glavu kama mtu yeyote aliye kwenye baridi. Oiva akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Basi nakuomba. Chama kinaomba ruhusa ya kuwinda kwenye msitu wa Eino."

"Wa nani?"

"Msitu wa... wa Määttä."

"Määttä alikuja hapa na begi moja na baiskeli isiyo na kengele. Alinioa akahamia kwetu. Huu ni msitu wa Karppinen, baba yangu, na tangu tumzike baba ni wangu. Hukujua?"

Oiva alijua. Kijiji kizima kilijua, ila walijua kama mtu anavyojua kuna kisima chini ya sakafu: hakuna anayekumbuka kuchota humo.

"Sasa nikuulize wewe uliyekuja kila mwaka," Hilja aliendelea. "Ukishashika kitasa unauliza habari ya msitu, Eino alikuwa anafanya nini?"

Oiva alifikiri. "Alikuwa anasema, ngoja kwanza nikatazame zizini."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Nilidhani kuna ng'ombe mgonjwa."

"Ng'ombe anaugua kila mwaka siku unayokuja wewe! Na wewe ndiye mtu wa maziwa! Na tulipouza ng'ombe je?"

"Akasema anakwenda kutazama moto wa sauna."

Hapo Hilja alicheka, kicheko kikavu kilichotoka kwa shida kama mlango uliofungwa muda mrefu. "Alikuwa anakuja kuniuliza mimi, mpumbavu wewe! Mimi nakamua, au nachochea moto, yeye anachungulia: 'Hilja, Oiva amekuja, nimjibu nini?' Namwambia waende tu, lakini wasipite kwenye shayiri. Yeye anarudi kwako anakupa mkono kama mfalme. Nilimwachia. Mwanamume aliyehamia ukweni lazima aachiwe kitu cha kutolea mkono."

"Kwa hiyo ruhusa ya mwaka jana..."

"Ilikuwepo. Haikuwa ya kufa na mtu. Ninyi ndio mliizika na mume wangu, na mimi mkanizika nayo, halafu mkaenda kunywa supu."

Oiva alinyoosha mgongo, kadiri mtu anavyoweza kunyoosha mgongo akiwa amezama mguu mmoja, akasema, "Bi Hilja Määttä, binti Karppinen. Naomba ruhusa ya kuwinda katika msitu wako."

Hilja aliusimamisha mche mmoja uliolala, ukaanguka tena.

"Wale wa mjini niliwaambia msitu una wawindaji wake. Nikawaambia wamelala kidogo, lakini wapo."

Oiva akakaa papo hapo kwenye theluji, pwaa. "Uliwaambia lini?"

"Siku ile ile ya kwanza."

"Lakini walirudi!"

"Mmoja alisahau glavu."

"Glavu! Bi Hilja, mimi mwezi mzima silali, nimekonda!"

"Hujakonda. Litazame shimo ulilokalia."

Oiva alianza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, amekaa kwenye theluji, kofia mkononi, na yule bibi amesimama juu yake anatikisa kichwa kama anayemtazama mtoto aliyelewa sukari. Kisha akamnyooshea mkono. Oiva hakujua kama ni mkono wa kumwinua au wa kukubaliana, akaushika, ukawa wa yote mawili.

"Vuli mtaanza hapa," alisema Hilja. "Kwanza hapa, kabla ya kwenda kwingine kokote. Na theluji ikiisha mje kupanda. Miche ninayo mimi, migongo leteni ninyi. Na yule mwenyekiti wenu kijana aje mwenyewe. Nataka kumwona akiinama."

Walirudi, akamwingiza ndani. Palikuwa na kahawa na mkate mtamu wa iliki uliookwa siku ileile, na Oiva alikula vipande hakuvihesabu. Karatasi ya chama ya kuambatanisha na maombi ya kibali, Hilja aliitia jina akiwa amesimama, kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu mpaka ikatoboa.

Chini ya kilima Oiva alisimamisha gari akampigia Jarkko.

"Mzee! Vipi?"

"Amekubali."

Jarkko akatoa pumzi ndefu kama farasi aliyefunguliwa mkokoteni. "Na wale wa mjini?"

"Walifuata glavu."

"Walifuata nini?"

"Nitakueleza. Wewe tafuta koleo la kupandia, mwezi ujao una kazi kwa bi Hilja. Kakutaja kwa cheo."

"Mimi? Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, Jarkko. Sisi sote hatukufanya kitu."

Alipofika nyumbani Sirkka alimwona usoni, akashika sahani. Oiva alimwaga maji kutoka kwenye viatu, akajinyoosha kwenye benchi kando ya jiko na soksi moja mguuni, na kabla mkewe hajamaliza kumpakulia viazi, alikuwa anakoroma mchana kweupe.