Wale Waliobaki Baada ya Dawa

Saa nne na dakika kumi, Jumapili, mwaka uliofuata mafuriko ya mto Nyamwamba, mdogo wangu wa kike alisimama kanisani Bwera kutoa shukrani. Uvimbe wa saratani kwenye titi lake ulikuwa haushikiki tena kwa vidole. Ndugu walimfuata wakicheza, wakivuta mbuzi wawili, maana kwetu mtu akipona hanyamazi.

"Kichwa yako inang'aa kama sufuria mupya!" shangazi akamtania.

"Cheka tu. Nywele yangu itarudi. Ya kwako inaisha na uzee."

Hospitali ilimpangia dozi sita za dripu; alikuwa amepata tatu. Nilipomkumbusha zilizobaki, alinishangaa.

"Yaya," akasema, kama wanavyomwita kaka mkubwa huku mpakani, "ugonjwa iko wapi sasa? Leo nashukuru Mungu, kesho nimwambie daktari sijapona?"

Mchango wa ndugu wa kumpeleka hospitali kwa dozi tatu zilizobaki ndio ulionunua mbuzi, mchele na soda. Tulikubaliana sote.

Msimu wa mvua uliofuata, mgongo ukaanza kumuuma. Alidhani ni madumu ya mawese aliyokuwa akiinua sokoni. Hospitali ikarudia dawa ileile, isifanye kitu. Picha zikaonyesha saratani kwenye uti wa mgongo na kwenye ini.

Nilikuwa nikisoma peke yangu vitabu vikuukuu vilivyouzwa Kasese mjini, lakini jambo hili nililielewa kwa kukumbuka pamba. Nilipolima Munkunyu tulipuliza dawa, na viwavi wakafa karibu wote. Wachache waliosalimika ndio waliozaa. Msimu mwingine dawa ileile iliwalowesha tu. Seli za saratani nazo hazifanani. Zikigawanyika hukosea kujinakili, na makosa hayo hurithiwa: ukoo mmoja hustahimili dawa, mwingine hupata uwezo wa kubanduka, kusafiri na damu na kuota penye mfupa. Zile zilizokuwa kwenye ini hazikuwa tena sawa na zilizoanza kwenye titi. Kidole cha mdogo wangu kilipokosa uvimbe, kilikuwa kimeshindwa tu kuzihisi seli chache zilizobaki.

Nilimuuliza daktari kama dozi tatu zile zingemwokoa.

"Labda," akasema. "Labda pia seli zilikuwa zimeshahama kabla hujamleta."

Siku mbili kabla hajafa, mdogo wangu aliniita karibu na mkeka.

"Yaya, siku ile ya shukrani, watu walishiba?"

"Walishiba. Shangazi alibeba hata mifupa."

Akacheka kidogo, mgongo ukamkatiza. Alipopata pumzi akauliza ile sherehe ilikula pesa ngapi. Nilimjibu kwamba nimesahau.

Sikuwa nimesahau. Ilikula shilingi laki sita na elfu arobaini.