Namba za Rugaibula

Pale Kamachumu, ukishindwa kumfanya mpiganaji wako atoe moto kwenye gemu la ngumi, Rugaibula alikuambia waziwazi kwamba mikono yako ni ya kumenyea ndizi. Mwenye banda la gemu huyo alikuwa mjuaji kupindukia. Alinakili namba za mapigo mtandaoni, akazibandika ukutani, akajiita mwalimu. Mpiganaji wako yuko kwenye tano, katikati, na namba zinazoizunguka ni pande za kusukuma kijiti cha pedi ya kuchezea. Ukitaka moto, alifundisha, ni mbili, tatu, sita, halafu kitufe cha ngumi.

Tatizo ni kwamba alizipanga kama zilivyo kwenye simu, mbili juu na nane chini. Kila aliyemfuata aliishia kuruka hewani bila hata cheche. Miaka miwili watu waliruka, naye miaka miwili akawasimanga. Mwenyewe alijaribu faraghani hadi kidole gumba kikaota sugu, akailaumu pedi. Mbele za watu alidai mwalimu kazi yake ni kuelekeza tu.

Dativa, anayechapa barua za watu kwenye steshenari ya jirani, alimwuliza siku moja kama namba zile si za pembeni mwa kibodi ya kompyuta, ambako nane iko juu na mbili iko chini. Rugaibula hata hakugeuka. Alimwambia arudi kwenye barua zake.

Jumapili moja, baada ya ibada, wakaja wachezaji wa Bukoba kushindana. Banda lilijaa wale wale aliowadharau, na Rugaibula alijua kwamba akichapwa hapo, ualimu umekwisha. Akasukuma mbili, tatu, sita. Mpiganaji wake akaruka, akapokelewa na teke. Akarudia, akapokelewa tena. Akapoteza raundi zote.

Dativa akaomba zamu. Chini, chini-mbele, mbele, ngumi. Moto ukamwangusha mgeni.

“Ulikuwa unatufundisha kuruka, Ta Rugaibula,” alisema kwa heshima, bila hata kupandisha sauti.

Rugaibula akajibu kuwa ni bahati ya mwanamke. Hakuna aliyejisumbua kumbishia. Walitoka mmoja mmoja.

Alipobaki peke yake, akafunga mlango, akashika pedi. Chini, chini-mbele, mbele, ngumi. Moto ukatoka mara ya kwanza tu. Ulikuwa rahisi mno, na katika banda zima hapakuwa na mtu wa kumwona.