Mguu wa Kushoto wa Mama

Kidonda kilianzia kwenye kidole gumba, alipojikwaa kwenye kisiki shambani kwetu Junju. Mama alikuwa na sukari, na mwenye sukari akijikwaa si mchezo. Nilipotoka Mtwapa kwenda kumwona, mguu wa kushoto ulikuwa umepiga weusi hadi kifundoni, na chumba kilinuka hata ubani ulishindwa. Nikampeleka hospitali Kilifi siku hiyo hiyo. Daktari akasema ukatwe chini ya goti, upesi, sumu isije ikapanda. Mguu ukiondoka, Mama atabaki. Hivyo tu.

Mama akasema hakatwi.

Nilijua maneno yale yametoka wapi. Mwenzake wa kanisani, kiongozi wa kina mama wa maombi, alikuwa ameketi kando ya kitanda na Biblia mapajani. "Dada," alimwambia, "mwili ni hekalu. Parapanda ikilia tutafufuka na miili yetu hii hii. Wewe utainuka na kipande? Mguu watauchoma hapa, na majivu hutajua wameyamwaga wapi." Alisema kwa upole, upole wa mtu ambaye si yeye anayeoza.

Damu ilinichemka. "Shikamoo, mama," nikamwambia, maana adabu nilifunzwa. "Na hayo meno yako ya mbele yaliyong'olewa, yatakufuata yakitokea wapi?" Akajiziba mdomo kwa leso. Mama akanifokea kwamba nimemtia aibu mbele ya mgeni, ikabidi niombe radhi.

Hata jirani yetu Mwislamu, bibi ambaye kwao ni Lamu, alikuja na uji wa mchele akamwambia, "Mwenzangu, Mola alokuumba kwa tone la maji atashindwa na mguu? Nasi twaambiwa tutafufuliwa. Kakatwe, urudi tusemezane." Mama akacheka, akanywa uji wote, na msimamo wake ukabaki pale pale.

Nikajaribu Maandiko, ingawa si kazi yangu. Nikamwambia Yesu mwenyewe alifufuka na majeraha, mashimo ya misumari yalikuwepo, hata Tomaso akaambiwa atie kidole.

"Lakini alifufuka na miguu yake yote miwili," Mama akasema.

Kule kushindwa kulinizidishia hasira.

Baadaye, tulipobaki peke yetu, akanitolea la moyoni. Marehemu baba alikuwa mtu wa mwendo wa kasi. Hakuna aliyeweza kwenda naye sambamba ila Mama, na watu walikuwa wakiwacheka njiani. "Siku hiyo atatoka kaburini aanze kwenda," Mama akasema. "Namjua, hangoji mtu yule. Nami nimfuate nikichechemea?"

Ningelia, lakini hasira ilikuwa imeshakaa mahali pa machozi. "Baba ameshakufa," nikamwambia. "Mimi niko hai, Mama. Mimi nitatembea na nani?"

Akageuzia uso ukutani. Akalala hivyo, au akajifanya amelala, na mimi nikaketi nikiutazama ule mguu nikiuchukia kama mtu. Ningekuwa na panga na ujuzi ningeukata mwenyewe.

Sumu ikapanda kama daktari alivyosema. Haikuchukua muda.

Kina mama wa maombi ndio waliomvika. Walimvalisha soksi nyeupe miguu yote miwili, weusi usionekane. Kisha kiongozi wao akasimama mbele ya jeneza, uso unang'aa, akasema, "Bwana asifiwe! Dada yetu amekwenda mzima." Watu wakaitikia amina.

"Mzima ni yule anayepumua!" nikasema kwa sauti, mchungaji akiwa pale pale. Shangazi akanivuta mkono. Sikuvutika. Nilitaka wasikie wote, hata walioketi nje ya turubai, kwamba tunamzika mtu aliyeweza kuwa jikoni anatupikia, kwa mguu mmoja, akilalamika.

Watu hudhani nimeacha kanisa. Sijaacha. Kila Jumapili nasimama na wenzangu kukiri imani, na tukifika kwenye kiyama ya mwili sauti yangu huwa juu kuliko zote, hadi walio mbele hugeuka. Wanadhani ni faraja. Mimi nina ugomvi ambao haujaisha. Naamini Mama atatoka pale Junju na mwili wake kamili, na nitakuwa nimesimama mbele yake kabla hajapiga hata hatua ya kwanza. Sitamwamkia. Nitamuuliza kwa nini hakunichagua mimi.